Mdoli alikunywa chai, baba akashindwa: je, mtu mzima bado anacheza?

Swali: Shikamoo daktari. Nna miaka 41, ni baba wa watoto wawili na kazini nasimamia watu kumi na mmoja. Juzi binti yangu wa miaka mitano kanipa kikombe cha plastiki, kaniambia baba kunywa chai. Nikaangalia ndani nikamwambia humu hamna kitu. Akaniangalia tu, akachukua kikombe chake akaenda kumnywesha mdoli. Tangu siku hiyo sina amani. Zamani mimi nilikuwa mtu wa utani, nikiingia sehemu watu wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Miaka minne iliyopita nilipopewa usimamizi, mkubwa wangu akaniambia masihara sasa basi, hawatakuheshimu, nikaacha. Saivi mke wangu anasema naongea kama tangazo. Mwenyewe nilijua ndo kukua huko, mtu mzima hachezi. Je ni kweli ni umri tu? Na kama nimepoteza kitu, kinarudi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, ingawa hiyo shikamoo yako imeniongezea kama miaka mitatu hivi. Nilipofika pale binti anapompelekea mdoli kikombe nilicheka, samahani, nilicheka kwanza halafu ndo nikanyamaza, maana kwa kweli mdoli kakuzidi. Mdoli hakusema humu hamna kitu.

Nikujibu kwa ufupi usije ukakesha: siyo umri, na kinarudi. Ila ili kirudi lazima tujue nini kilikifukuza, na hapo ndo ntakaa muda mrefu.

Tuanze na panya, nivumilie. Kuna mtafiti wa ubongo anaitwa Jaak Panksepp, mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi zake Marekani, huyu bwana alikaa miaka na miaka anaangalia panya wakicheza. Panya wadogo wanacheza hatari, wanarukiana mgongoni, wanaangushana, wanabiringishana, yaani mieleka mwanzo mwisho. Mwishoni mwa miaka ya tisini yeye na wenzake wakagundua kwamba panya akicheza au akitekenywa anatoa sauti nyembamba sana ya kama kilohezi 50, na sikio la binadamu linaishia kwenye 20 hivi, kwa hiyo ilibidi wasikilize kwa mashine. Na panya aliyetekenywa anaufuata mkono, anataka tena. Panksepp akasema hicho ni cha jamii moja na kicheko, wenzake wengine wakamcheka yeye, lakini mi hilo silo nililolitaka. Ninalolitaka ni jaribio lake jingine. Aliwaacha panya wadogo wacheze siku kadhaa mpaka wakazoea, halafu siku moja akaweka pale pale wanapochezea kifungu kidogo tu cha nywele za paka. Panya wa maabara hao, hawajawahi kumwona paka toka wazaliwe. Mchezo ukakata hapo hapo. Nywele zikatolewa, paka hayupo na hajawahi kuwepo, na bado siku tano baadaye panya walikuwa hawajarudi kucheza kama mwanzo.

Sasa mtu akiniandikia kwamba alikuwa mchangamfu na saivi ni mkavu, mi siulizi ana miaka mingapi, natafuta nywele za paka. Na wewe umezitaja mwenyewe bila hata kuulizwa: masihara sasa basi, hawatakuheshimu. Sentensi moja, ya dakika moja, na inawezekana aliyeisema keshaisahau, huenda alikuwa anakutakia mema kabisa. We miaka minne hujarudi uwanjani. Tena umeibeba mpaka nyumbani, ambako hakuna mtu hata mmoja anayekusubiri ukosee ili aache kukuheshimu, labda mdoli.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba kucheza ndo huwa cha kwanza kuondoka mambo yakiwa mabaya. Mnyama mwenye njaa hachezi, mwenye hofu hachezi, anayeumwa hachezi. Ndo maana mfugaji akiona wadogo wa wanyama wake wamepoa, hawarukiruki, anajua kuna kitu hata kabla hajaona ugonjwa wenyewe. Kwa binadamu sijui kwa nini tumeigeuza, mtu mzima akiacha kabisa kucheza tunasema huyu sasa katulia, kakomaa. Inawezekana kakomaa. Inawezekana pia ana hofu na amejifunza kuivalisha shati zuri.

Na hii habari kwamba kucheza ni ya utotoni inaisha yenyewe kama meno ya utoto, hapana. Panya waliotolewa lile tabaka la juu la ubongo, lile la kufikiri, bado walicheza. Maana yake mashine ya kucheza imekaa chini kabisa, kwenye sehemu za zamani za ubongo, jirani na hasira na woga, na hizo hujawahi kusikia mtu anasema ameziacha akiwa na miaka 25. Hata nyuki! Mwaka 2022 watafiti wa London walitoa taarifa ya nyuki wakubwa wale wenye manyoya, waliwekewa vijipira vidogo vya mbao, wakawa wanaviendea na kuvibiringisha tena na tena bila kupewa chochote. Niseme ukweli, wenye umri mdogo walibiringisha zaidi kuliko wenye umri mkubwa, kwa hiyo sikwambii umri haugusi kitu. Unapunguza. Ila kupunguza ni kitu kimoja na kuzima ni kingine.

Halafu kuna lugha yetu, nayo imetutega. Kazi ngumu tunasema si mchezo. Mtu akileta ujinga, acha mchezo. Tukilelewa tumeambiwa mzaha mzaha hutunga usaha, na siku hizi mtu akiteleza kidogo tu anaitwa mtu mzima hovyo, na hilo neno nadhani limewanyamazisha wengi kuliko tunavyodhani. Lakini lugha hiyo hiyo sikiliza inavyojisaliti: mtoto mtundu anachapwa, fundi mtundu anatafutwa. Ni neno lile lile. Ule utundu uliomfanya afungue redio ya watu akiwa na miaka minane ndo huo huo unaomfanya leo mashine iliyoshindikana kwa wenzake yeye aipate. Na mtu anayekwambia mi sichezi kabisa, mwulize kama anacheza muziki, atakwambia aah huo nacheza. Ehe.

Turudi kwenye kikombe, maana hapo ndo pana utamu. Mwaka 1952 msomi mmoja anaitwa Gregory Bateson alikuwa kwenye bustani ya wanyama San Francisco anaangalia nyani wadogo wanapigana, akagundua kwamba hawapigani. Wanafanya kila kitu kama wanapigana ila kuna ishara fulani inapita kati yao inayosema huu ni mchezo. Kung'ata kule kunafanana na kung'ata lakini hakumaanishi kile ambacho kung'ata kungemaanisha. Mbwa nao hivyo hivyo, akitaka kucheza anainamisha kifua chini matako juu, hiyo ni kusema nitakachofanya sasa hivi usikichukulie vingine. Kwa hiyo kabla ya mchezo kuna makubaliano, na makubaliano hayo yanatolewa na yanapokelewa kwa sekunde moja tu, bila mkataba.

Binti yako anajua hamna chai. Naomba hili ulishike vizuri kwa sababu nadhani ulipomwambia humu hamna kitu ulidhani unampa taarifa. Anajua kuliko wewe, yeye ndo kaikosesha hiyo chai. Alichokuletea ni ile ishara, na akakaa anasubiri uipokee. We ukaijibu kama mkaguzi wa hesabu. Hukumwumiza sana, watoto wana roho nyepesi na mdoli alikuwepo, ila ukiikosa mara nyingi anaacha kukuletea, anajua baba siyo wa huku. Na wakubwa wanafanya hivyo hivyo, mke wako naye nina uhakika alikuwa anakurushia vineno vya utani jikoni, kwenye simu, ukawa unamjibu sawa, nimepata, asante. Ndo tangazo lenyewe hilo.

Kwa hiyo ulichopoteza siyo uchekeshaji. Umeacha kuitikia. Ni kama lugha ambayo hujaiongea miaka minne, ukisikia unaelewa ila mdomo mzito.

Najua kichwani unasema sawa daktari, nyumbani nimekuelewa, lakini kazini? Kazini pia. Kuna mwanafizikia Richard Feynman, baada ya vita vikuu vya pili alienda kufundisha chuo kikuu cha Cornell akiwa amekauka kabisa, ametoka kwenye kazi nzito ya vita, kafiwa na mke, kila akikaa mezani hamna kitu kinatoka. Mwenyewe alikuja kusimulia kwamba siku moja akajiuliza mbona zamani nilikuwa napenda hii kitu, akakumbuka alikuwa anaichezea tu, basi akaamua atachezea fizikia bila kujali ina faida gani. Haikupita muda mrefu akiwa kantini kuna mtu akarusha sahani juu, akaona sahani inayumba huku ile nembo yake inazunguka kwa mwendo tofauti, akaanza kupiga hesabu za sahani. Akampelekea mwenzake mkubwa pale, akaulizwa hii ina umuhimu gani, akajibu hauna, najifurahisha tu. Hesabu hizo zikamrudisha kwenye maswali aliyokuwa ameyaacha kuhusu elektroni, na mwaka 1965 akapewa Nobel pamoja na wenzake wawili. Mwingine Andre Geim, yeye Ijumaa jioni alikuwa anatenga muda wa kufanya majaribio ya kipuuzi, 1997 akamfanya chura aelee hewani kwa sumaku kubwa, 2000 akapewa ile tuzo ya utani ya Ig Nobel, 2001 kwenye makala ya kisayansi akaandika jina la hamsta wake kama mwandishi mwenza, na ni katika uchezaji huo huo wa utepe wa kunata na grafiti, ile kaboni ya kwenye penseli, ndo mwaka 2004 yeye na Konstantin Novoselov walipata karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja. Nobel, 2010. Na hakuna aliyesema huyu bwana hana heshima.

Ila usinielewe vibaya hapa, maana najua watu wa usimamizi, ukiwaambia kitu kina faida kesho yake kina ripoti ya mwezi. Hao wawili hawakucheza ili washinde. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wanaopenda kuchora kwa kalamu za rangi, baadhi wakaahidiwa cheti wakichora. Wakachora, wakapewa. Baada ya wiki moja au mbili kalamu zilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, wale wa cheti walizigusa kidogo kuliko wenzao. Mchezo uligeuka kibarua, na kibarua bila malipo nani anataka. Kwa hiyo ukianza kujifunza gita tafadhali usifungue chaneli, ukianza kuoka usianze kupiga bei. Kaa na kitu kimoja maishani mwako ambacho hakikuingizii chochote na wala hukifanyi vizuri. Mi naimba. Majirani wanajua.

Kingine, sio lazima urudi kuwa yule wa zamani anayeingia sehemu watu wanacheka. Profesa mmoja wa Ujerumani, René Proyer, amechunguza sana uchezaji wa watu wazima na anautenga kwenye sura nne: kuna wanaocheza na watu, utani, vijina, kutaniana na mwenza wao, kuna wanaochukulia maisha kiwepesi, hawapangi kila kitu, kuna wanaocheza na mawazo, wanakigeuza kitu kichwani juu chini, na kuna wale wanaopenda vitu vya ajabu ajabu, wanaona kichekesho kwenye kitu cha kawaida kabisa. Unaweza kuwa mtu kimya usiyewahi kuchekesha kundi lolote na bado ukawa mchezaji kweli kweli. Mi ni wa hiyo ya tatu na ya nne, printa ya ofisini kwetu nimeipa cheo cha mkurugenzi kwa sababu haifanyi kitu mpaka iombwe mara tatu, sasa hivi hata wenzangu wakitaka kuchapisha wanasema ngoja niombe miadi. Hakuna aliyekufa na wagonjwa wanahudumiwa.

Huyo huyo Proyer na wenzake mwaka 2020 walitoa utafiti wa watu wazima 533 waliopewa kazi ndogo za kufanya kila siku kwa siku saba tu. Kundi moja kila usiku liliandika vitu vitatu vya kimchezo vilivyotokea siku hiyo, vya kwao au walivyoviona, jingine liliambiwa litumie uchezaji wake mahali ambapo halijazoea, kwa mfano kazini, jingine lihesabu tu mara ngapi umetokea. Walifuatiliwa mpaka wiki 12. Waliopewa hizo kazi uchezaji wao ulipanda na kwa muda furaha nayo ikapanda. Siyo muujiza, mabadiliko yalikuwa madogo, ila kwa kazi ya dakika kumi kabla ya kulala mi nayachukua. Na wewe ntakupa hiyo ya kuandika vitatu, kwa sababu shida yako ni kutoziona ishara, ukijua usiku lazima uandike utaanza kuziona mchana. Daftari la kawaida, siyo simu. Simu utaishia kuangalia vituko vya watu wengine mpaka saa saba usiku na kesho utaniambia umecheza.

Kuhusu mama watoto, kuna jaribio la Arthur Aron na wenzake la mwaka 2000 huwa nalipenda sana, wanandoa walifungwa pamoja mkono kwa mkono na mguu kwa mguu, wakaambiwa watambae kwenye mikeka ya jimu huku wamebana mto katikati yao bila kuushika kwa mikono, dakika saba. Wengine walipewa kazi ya kawaida ya polepole. Wale waliotambaa walitoka wanauona uhusiano wao mzuri zaidi. Sisemi ufunge mtu kamba leo, atashtuka. Nasema ile jioni yenu ya kila wiki ya kukaa na kuongelea bajeti haihesabiki.

Kazini nenda taratibu, na hapa nna onyo. Utani wa bosi unachekwa hata ukiwa mbovu, kwa hiyo kicheko cha watu wako kumi na mmoja kisikudanganye. Mchezo wa kweli mtu anaweza kusema hapana akatoka na asidhurike, wale nyani wadogo mmoja akilia mwingine anaachia. Mtu wa chini yako hawezi kutoka kirahisi hivyo. Ndo maana anza na kujitania mwenyewe, au kutania kile kitu kinachowasumbua wote, mfumo unaogoma, kikao kisichoisha. Umbo la mtu, lafudhi yake, ndoa yake, usiguse. Na ukishamwumiza mtu halafu ukasema nilikuwa natania tu, hapo hukuwa unacheza, ile ishara haikutumwa, au ilitumwa ikakataliwa na we ukaendelea. Huyo mkubwa wako hakukosea kwa asilimia zote, kuna masihara yanayoshusha heshima. Alichokosea ni kukunyang'anya yote.

Watu watakwambia pia kwamba michezo inazuia usahaulifu wa uzeeni. Kuna utafiti wa 2003 wa watu 469 wenye zaidi ya miaka 75, waliokuwa wakicheza michezo ya mezani, kusoma, kupiga ala na kucheza dansi walipata shida hiyo kidogo zaidi. Safi, lakini inawezekana pia kwamba ambao ubongo umeanza kuchoka ndo wanaacha kucheza mapema, kwa hiyo usicheze bao kama unameza dawa.

Kuna kitu kimoja lazima nikuulize na ujijibu kwa ukweli. Ni kucheza tu ndo kumeondoka, au kila kitu? Kama zaidi ya wiki mbili mfululizo hata vile unavyovipenda havina ladha, usingizi umeharibika, chakula hakiendi, unajiona huna thamani, basi daftari langu halitoshi, nenda ukaonane na daktari uso kwa uso. Brian Sutton-Smith, mzaliwa wa New Zealand aliyetumia maisha yake kuchunguza michezo, alisema kinyume cha kucheza siyo kazi, ni sonona. Nakubaliana naye, nimewaona wengi wanaosema nipo bize tu kumbe siyo ubize. Barua yako haisomeki hivyo, mtu anayekosa amani kwa sababu ya kikombe cha plastiki bado yupo macho, lakini mi siwezi kukupima kwa maandishi.

Sasa leo jioni. Usimwite binti ukamwambia njoo tucheze, hiyo ni kumwitisha kikao. We kaa tu sakafuni karibu na vitu vyake, simu iache chumba kingine. Mwanzoni utajisikia mjinga, kawaida, hata panya hawakurudi siku ya kwanza. Chukua kikombe umpe mdoli, halafu msogezee sikio, msikilize anasema nini. Binti atakuja mwenyewe kuuliza kasemaje. Mwambie anasema sukari imezidi. Na akikuletea cha kwako usinywe haraka haraka, puliza kwanza, ya moto hiyo.